Nenosiri ni sahihi, lakini narudishwa palepale: akaunti ya kaunta haifunguki kwenye Xubuntu

steshenari_moro (Jumatano, saa 3:10 usiku)

Habari za jioni wote. Naomba msaada, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kujibu, maana mambo mawili yamefuatana na sijui kama ni ugonjwa mmoja au miwili.

Nina steshenari hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Natoa kopi, naprinti, naskani, tunapiga picha za pasipoti na kuwajazia watu maombi ya mtandaoni. Kompyuta ni moja tu, ya mezani, RAM 4 GB, diski 500 GB. Mwaka 2019 kijana mmoja aliyekuwa akisoma hapa mjini aliniwekea Xubuntu 18.04, mfumo wa kompyuta wa aina ya Linux, kwa sababu flashi za wateja zilikuwa zinatujazia virusi na kila baada ya wiki mbili nilikuwa namlipa fundi. Tangu siku ile sijamlipa fundi wa virusi hata mara moja. Kwa hiyo sina mpango wa kuiacha.

Alitufungulia akaunti tatu. `mama` ni yangu, humo naweka hesabu za duka. `kaunta` ni ya binti anayepokea wateja na kuchapa. `picha` ni ya kijana wa picha. Kila mmoja ana nenosiri lake. Anayekaa kitini anafungua menyu, anachagua kubadili mtumiaji, anaingia kwake, na kazi ya mwenzake inabaki wazi kule nyuma. Siku za watu wengi tunabadilishana hivyo hata mara ishirini.

Tatizo la kwanza ni la miezi mingi. Ukibadili mtumiaji, mara nyingine skrini inakuwa nyeusi tii. Kipanya hakionekani, lakini taa inawaka na feni inazunguka. Tulikuwa tunashikilia kitufe cha kuzimia mpaka inakufa, kisha tunawasha. Mara mbili tumepoteza kazi ya mteja kwa njia hiyo, na mara zote mbili nimeichapa upya mwenyewe bila malipo.

Tatizo la pili limeanza leo. Jana skrini ilipoingia weusi, mpwa wangu alikuwepo dukani. Akasema tusizime. Akabonyeza Ctrl+Alt+F2, ikaja skrini ya maandishi matupu, akaingia kwa jina la `kaunta`, akaandika kitu, na desktopu ikafunguka. Tukafanya kazi mpaka jioni, tukazima kwa utaratibu. Leo asubuhi binti anaandika nenosiri lake, skrini inameta nyeusi kama sekunde moja, halafu anarudishwa kwenye dirisha lilelile la kuingilia. Hakuna ujumbe wa kosa. Mimi kwangu naingia vizuri. Kijana wa picha naye anaingia. Ni `kaunta` peke yake.

Ndani ya `kaunta` kuna ripoti ya mafunzo kwa vitendo ya mwanafunzi mmoja, kurasa 63, anatakiwa kuiwasilisha Ijumaa. Binti ameichapa siku nne kutoka kwenye daftari la mkono. Ndiyo maana naandika usiku huu.

---

kopi_dodoma (Jumatano, saa 3:48 usiku)

Pole sana dada. Mimi nina duka kama lako Dodoma. Ushauri wangu wa uzoefu: hizo akaunti tatu ndizo zinazokutesa. Toa faili zako kwenye flashi, piga formati, weka akaunti moja isiyo na nenosiri, iwake na kuingia yenyewe. Duka letu liko hivyo miaka yote na hatujawahi kukwama mlangoni. Kwenye kazi ya haraka nenosiri ni kikwazo.

---

steshenari_moro (Jumatano, saa 4:02 usiku)

Asante kaka, najua unanitakia mema. Lakini hilo la akaunti moja siwezi. Watu wananiachia vyeti vya kuzaliwa, namba za vitambulisho, majibu ya vipimo vya hospitali, hati za mirathi. Mwaka juzi mama mmoja alikuja kuskani hukumu ya talaka yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu mwingine ataiona. Nilimwambia hapana. Nataka jibu lile liendelee kuwa la kweli.

---

fundi_likoni (Jumatano, saa 4:40 usiku)

Dada, salaam kutoka Mombasa. Usiformati. Ripoti iko salama, niamini kwa hilo kwanza, halafu tufuatane polepole.

Anza na kile ulichokieleza vizuri mwenyewe: nenosiri likikosewa, dirisha la kuingilia hukwambia limekosewa. Lako halisemi kitu. Maana yake nenosiri limekubaliwa, mlango umefunguliwa, ila desktopu ilipojaribu kusimama ikaanguka papo hapo, na LightDM, yaani programu inayokuonyesha lile dirisha, ikakurudisha mwanzo. Kwa hiyo acheni kubadilisha nenosiri. Haliko kwenye nenosiri.

Sababu za kuanguka hivyo ni nyingi lakini mbili ndizo ninazokutana nazo kila mara. Ya kwanza ni diski kujaa. Hiyo kwako naitilia shaka, kwa sababu ingejaa mngekwama nyote watatu. Ya pili ni faili fulani za ndani ya nyumba ya mtumiaji, yaani folda yake binafsi, kuwa mali ya mtu mwingine. Mpwa wako ndiye anayenifanya nifikirie hiyo ya pili, na simlaumu: kukataa kuzima kwa kitufe lilikuwa wazo zuri.

Fanya hivi. Kwenye dirisha la kuingilia bonyeza Ctrl+Alt+F2. Andika `kaunta`, bonyeza Enter, kisha nenosiri. Ukiandika nenosiri hapo hutaona hata nyota, usishtuke, linaandikika. Ukishaingia, bonyeza mshale wa juu kwenye kibodi mara kadhaa. Utaonyeshwa amri zilizoandikwa hapo awali, moja baada ya nyingine. Tafuta aliyoandika mpwa wako jana, uinakili kwenye karatasi. Futa mstari, usiirudie. Halafu andika hizi mbili:

`df -h`

`ls -la .Xauthority .ICEauthority`

Ya kwanza inaonyesha diski imejaa kiasi gani. Ya pili inaonyesha mwenye faili mbili. Niambie umeona jina gani kwenye safu ya tatu na ya nne. Kurudi kwenye dirisha la kuingilia ni Ctrl+Alt+F7.

---

steshenari_moro (Jumatano, saa 5:15 usiku)

Nimerudi dukani na mume wangu, tuko hapa sasa hivi.

Nimeingia kwenye maandishi kwa `kaunta`, nenosiri limekubali. Mshale wa juu: amri ya jana ni `sudo startx`. Diski imejaa asilimia 71, basi ulisema kweli. Na kwenye zile faili mbili, zote zinasema `root root`. Nilijaribu kwangu pia nilinganishe, kwangu zinasema `mama mama`.

Kaka, hiyo ndiyo?

---

fundi_likoni (Jumatano, saa 5:24 usiku)

Ndiyo hiyo hasa. Na kulinganisha na kwako ni jambo ambalo hata mafundi wengi hawalifanyi.

`.Xauthority` ni kama ufunguo. Kila unapoingia, LightDM hukuandikia humo namba ya siri inayoiruhusu desktopu yako kuchora kwenye skrini. Mpwa wako alitaka kuwasha desktopu kwa mkono, akaandika `startx`, lakini akaitanguliza `sudo`, neno linaloipa amri mamlaka ya msimamizi. Hapo desktopu iliwashwa na root, yule msimamizi mkuu, akiwa amekaa ndani ya nyumba ya `kaunta`, na ufunguo uliotengenezwa ukaandikwa kwa jina lake root. Leo asubuhi LightDM ilipotaka kuandika ufunguo mpya kwa niaba ya `kaunta`, ikanyimwa ruhusa. Ingetakiwa kuandikwa `startx` peke yake.

Hili linawapata sana wenye matoleo ya zamani. Hadi Ubuntu 19.04 (Ubuntu ndiyo mama wa Xubuntu, namba za matoleo ni zilezile), `sudo` ilikuwa inabeba anwani ya nyumba ya aliyeiita. Kuanzia 19.10 inahamia nyumba ya root, `/root`, na uchafu wake unabaki huko. Wewe uko kwenye 18.04.

Sasa tiba. Ukiwa palepale kwenye maandishi, angalia kwanza ni vitu gani vingine vimechukuliwa:

`sudo find /home/kaunta -user root`

Halafu virudishe vyote kwa mwenyewe:

`sudo chown -R kaunta:kaunta /home/kaunta`

Nakuomba usome mstari huu mara mbili kabla ya Enter. Kati ya `/` na `home` kusiwe na nafasi hata moja. Ikiwepo, utakuwa umeiambia kompyuta nzima iwe mali ya `kaunta`, na hiyo ni kazi ya siku mbili kuitengua.

Ukimaliza andika `exit`, bonyeza Ctrl+Alt+F7, mwache binti aingie kama kawaida.

---

steshenari_moro (Jumatano, saa 5:41 usiku)

IMEFUNGUKA. Kurasa 63 zote zipo. Alhamdulillah, na Mungu akubariki wewe na watoto wako.

Orodha ya vitu vya root ilikuwa na mistari 17, mingi ndani ya `.cache` na `.config`. Mume wangu alinisomea ule mstari herufi kwa herufi mimi nikichapa.

Ninafunga duka sasa. Kesho, kama una nafasi, naomba tuzungumzie ile skrini nyeusi, maana ndiyo iliyozaa haya yote.

---

fundi_likoni (Alhamisi, saa 1:20 asubuhi)

Asubuhi njema dada. Nimefurahi.

Skrini nyeusi. Cha kwanza uwafundishe vijana leo kabla ya mteja wa kwanza: skrini ikiwa nyeusi baada ya kubadili mtumiaji, kazi haijapotea. Linux haina skrini moja, ina kadhaa zilizolala sambamba. Kwenye Xubuntu yako wa kwanza kuingia anakaa namba 7, dirisha la kuingilia linafunguka namba 8 ukitaka kubadili, na mtu mwingine akiingia anakaa 8 au 9. Kwa hiyo badala ya kitufe cha kuzimia, bonyeza Ctrl+Alt+F8. Hakuna kitu? F9. Hakuna? Ctrl+Alt+F1, subiri maandishi yatokee, kisha F7. Mara nyingi huko kwenda na kurudi kunatosha kuiamsha picha.

Mkitaka kuona nani yuko ndani, kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika `loginctl list-sessions`. Anayeonekana pale kazi yake bado ipo.

Kinachosababisha weusi kwenye 18.04 nakihisi ni `light-locker`. Ndiyo kifungio cha skrini kilichokuja na Xubuntu ya wakati huo. Hakifungi skrini yako palepale, bali kinakuhamisha kwenda kwenye skrini nyingine yenye dirisha la LightDM, na ile ya kwako kinaipaka weusi. Kwa baadhi ya kadi za picha huko kuhama kunakwama katikati. Malalamiko yake ni ya miaka mingi. Mimi hukitoa, naweka `xscreensaver`:

`sudo apt remove light-locker`

`sudo apt install xscreensaver`

Halafu ingia upya, kwa kila akaunti hakikisha xscreensaver inaanza yenyewe mtu anapoingia, na kwenye mipangilio yake washa sehemu ya kufunga skrini.

Jingine, RAM 4 GB kwa watu watatu, kila mmoja na kivinjari wazi, ni kidogo. Wafunge vivinjari kabla ya kuondoka kitini.

---

mwalimu_chakechake (Alhamisi, saa 2:05 asubuhi)

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu, nasimamia chumba cha kompyuta cha skuli huku Pemba, na nimesoma uzi huu wote kwa sababu ya neno moja la dada: nataka jibu lile liendelee kuwa la kweli. Kwa ajili ya neno hilo siwezi kunyamaza juu ya mambo matatu.

La kwanza ni nyongeza kwa fundi. Ukishatoa light-locker, kubadili mtumiaji peke yake hakufungi skrini uliyoiacha. Nilijifunza hili kwa mwanafunzi. Alibonyeza Ctrl+Alt+F7 akajikuta ndani ya akaunti yangu, alama za mtihani ziko wazi mbele yake, na hakuulizwa nenosiri lolote. Kwa hiyo funga kwanza, ndipo uhame. Weka kitufe kwenye paneli chenye amri hii:

`sh -c "xscreensaver-command -lock && dm-tool switch-to-greeter"`

Baada ya kukiweka, kijaribu: hama, kisha bonyeza Ctrl+Alt+F7. Usipoulizwa nenosiri, kazi bado.

La pili ni zito zaidi. Dada, mpwa wako aliwezaje kutumia `sudo` kwa akaunti ya `kaunta`? Maana yake `kaunta` ana mamlaka ya msimamizi. Huenda na `picha` anayo. Aliyekuwekea aliwapa wote ili asisumbuliwe. Mwenye mamlaka hayo anaweza kufungua faili ya mtu yeyote humo ndani. Angalia kwa `groups kaunta` na `groups picha`. Ukiona neno `sudo`, ukiwa kwenye akaunti yako andika `sudo deluser kaunta sudo`, na vivyo hivyo kwa `picha`. Wewe usijitoe! Lazima abaki mmoja.

La tatu. Kwenye Ubuntu 18.04 folda ya nyumbani ya kila mtumiaji hutengenezwa ikiwa inasomeka na wengine wote. Ni kuanzia 21.04 ndipo wakaibadilisha ikawa ya faragha. Ingia kama `picha`, fungua `/home/kaunta`, utaona. Kuifunga:

`sudo chmod 750 /home/mama /home/kaunta /home/picha`

---

steshenari_moro (Alhamisi, saa 7:30 mchana)

Shikamoo mwalimu.

Nimeingia kama `picha`, nikafungua `/home/mama`. Nimeona hesabu zangu zote. Nimefungua `/home/kaunta` nikaona folda ya skani, na ndani yake ile hukumu ya talaka ya yule mama, bado ipo, imefunguka kwa kubonyeza mara mbili. Nilikaa kidogo bila kufanya chochote.

Vijana wangu ni waaminifu na sidhani kama waliwahi kutazama. Lakini kwa zaidi ya miaka mitano nimekuwa nikiwaambia watu haionekani, na ilikuwa inaonekana.

Nimefanya yote matatu. `kaunta` na `picha` wote wawili walikuwa na `sudo`, nimewatoa. Nimepiga ile `chmod`. Nimeirudia safari: kutoka `picha` kwenda `/home/kaunta`, sasa inakataa. Kisha nimefuta skani zote za wateja zilizozidi wiki mbili, na kuanzia leo zinafutwa kila Jumamosi jioni.

Swali moja. Kijana wa picha huwa anahitaji kumpa binti picha za kubandika kwenye fomu. Zamani, kumbe, alikuwa anazichukua moja kwa moja kwa sababu folda zilikuwa wazi. Sasa warudi kwenye flashi?

---

mwalimu_chakechake (Alhamisi, saa 8:15 mchana)

Marahaba dada. La, hakuna haja ya flashi. Tengeneza folda ya pamoja nje ya nyumba za watu:

`sudo groupadd duka`

`sudo usermod -aG duka kaunta`, kisha vivyo hivyo kwa `picha` na `mama`

`sudo mkdir /srv/duka`

`sudo chgrp duka /srv/duka`

`sudo chmod 2770 /srv/duka`

Ile 2 ya mwanzo inafanya kila kitakachotengenezwa au kunakiliwa humo kiwe cha kundi la duka bila kujali nani amekiweka. Herufi `-a` kwenye usermod usiisahau: ukiandika `-G` peke yake mtu anatolewa kwenye makundi yake mengine yote, na kwako wewe maana yake ni kupoteza `sudo`. Kisha kila mmoja atoke na kuingia upya, vinginevyo kundi jipya halitambuliki.

---

fundi_likoni (Alhamisi, saa 9:00 alasiri)

Mwalimu, ahsante, hilo la Ctrl+Alt+F7 bila kifungio lilinipita.

Dada, la mwisho kutoka kwangu. Xubuntu 18.04 iliacha kupata masasisho ya usalama Aprili 2021, na duka lako linaingia mtandaoni kila siku na karatasi za watu. Hapo formati ina sababu, ila kwa mpango. Andika `uname -m`. Ikisema `x86_64`, yaani kompyuta ya biti 64, unaweza kuweka Xubuntu 24.04, inayotunzwa hadi Aprili 2027. Nakili `/home` yote kwenye diski ya nje, weka mfumo upya, tengeneza akaunti tatu kwa majina yaleyale, rudisha faili. Na ukizirudisha kwa `sudo cp`, tumia `sudo cp -a`. Bila `-a` zitakuwa za root tena, na binti atarudishwa mlangoni kama jana.

---

steshenari_moro (Ijumaa, saa 12:40 jioni)

Inasema `x86_64`. Nimemwomba mpwa wangu aje Jumapili, duka likiwa limefungwa. Nimemwonyesha uzi huu wote, akasoma hadi lile la `sudo startx`, akaniomba radhi. Nimemwambia asingebonyeza Ctrl+Alt+F2 siku ile, tungezima kwa kitufe, na hizo folda zingebaki wazi mpaka leo.

Mwanafunzi amechukua ripoti yake saa 4 asubuhi. Leo tumebadilishana akaunti siku nzima. Skrini imekuwa nyeusi mara moja tu, saa 8 mchana. Binti akabonyeza Ctrl+Alt+F1, akahesabu hadi tatu, akabonyeza F7, na fomu ya mteja ilikuwa palepale alipoiachia.